Modeli ya mizania, ya kinetiki, au ile ndogo ya kliniki: ipi ikufae kuchunguza umetaboli?

Kimelea cha malale kikishaingia kwenye damu, nguvu zake hutoka kwenye sukari ya mwenyeji. Kinachukua glukosi, kinaivunja kwa mfululizo wa vimeng'enya, kinajipatia ATP, ile sarafu ya nguvu ya seli, kisha piruveti inayobaki kinaitema nje. Akiba hakiweki. Ukishajua hilo, swali linakuja lenyewe: katika mfululizo huo, ukabe wapi ili kimelea kife na mgonjwa abaki salama?

Swali ni la tiba, lakini sehemu kubwa ya jibu imetoka kwa watu wa hesabu waliokaa meza moja na watu wa maabara. Na hesabu zenyewe si za aina moja. Mbili zinaweza kutazama seli ileile, zote zikawa sahihi, na bado moja ikakujibu swali ambalo hukuuliza.

Ulinganisho huu wa modeli za umetaboli, yaani za kemikali za uhai ndani ya seli na mwili, ni wa mtu anayetakiwa kuchagua: mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada, daktari anayetaka kuingia kwenye utafiti, au mtaalamu wa programu aliyeitwa na rafiki wa baiolojia aje "tutengeneze modeli ya seli". Atakutana na familia tatu za modeli kabla ya nyingine zote. Ya kwanza, ya mizania, inachora ramani ya mimenyuko yote ya kemikali ndani ya seli na kuuliza nini kinawezekana. Ya pili, ya kinetiki, inakata kipande kidogo cha ramani hiyo na kuuliza kila kitu kinakwenda kwa kasi gani. Ya tatu, ile ndogo ya kliniki, inaiacha seli, inamtazama mtu mzima na sukari iliyo kwenye damu yake. Niseme mapema ninakoegemea: asiye na maabara aanze na ya kwanza, anayetafuta shabaha ya dawa asiikwepe ya pili, na aliye wodini aiheshimu ya tatu hata kama inaonekana ya kitoto.

Mizania: nini kinawezekana

Msingi wake ni mwepesi kuliko unavyodhani. Unaorodhesha kila mmenyuko ambao jeni za kiumbe zinauruhusu, unaandika unatumia nini na unatoa nini, kisha unaweka sharti moja kubwa: ndani ya seli hakuna kinacholundikana. Kemikali inayotengenezwa kwa saa moja inatumika yote ndani ya saa hiyo. Halafu unaweka vikomo, kwa mfano seli haiwezi kumeza glukosi kupita kiasi fulani, na unaiachia kompyuta itafute mpangilio wa mitiririko (kila mmenyuko upitishe kiasi gani) unaoikuza seli kwa kasi kubwa kabisa bila kuvunja kikomo chochote.

Aliyemaliza kidato cha nne, awe Tanzania au Kenya, ameshaifanya hesabu hii. Ni ile ya mkulima mwenye ekari kadhaa na pesa kadhaa anayetaka kujua apande mahindi kiasi gani na maharage kiasi gani apate faida kubwa. Unachora mistari, unapata eneo linaloruhusiwa, jibu linakaa kwenye kona. Tofauti ni kwamba mkulima ana mazao mawili, ilhali seli ya binadamu katika modeli ya Human1 ya mwaka 2020 ina mimenyuko zaidi ya 13,000. Karatasi ya grafu haitoshi tena, ila kanuni ya kutembea kona hadi kona ambayo George Dantzig aliitoa mwaka 1947 inaimudu, tena kwenye kompyuta mpakato ya kawaida.

Ijaribu kwanza kwa mikono yako. Iko modeli ya mafunzo ya bakteria E. coli yenye mimenyuko 95, kemikali 72 na jeni 137. COBRApy, programu ya Python isiyolipiwa, inaipakia kwa mstari mmoja. Kikomo cha glukosi kimewekwa milimoli 10 kwa kila gramu ya uzito mkavu wa seli kwa saa. Ukiiendesha, kasi ya ukuaji inatoka 0.874 kwa saa, maana yake bakteria wanaongezeka maradufu kila dakika 48 hivi. Sasa funga mlango wa oksijeni, kisha endesha tena. Kasi inaporomoka hadi 0.212, muda wa kuongezeka maradufu unapita saa tatu na robo, na modeli inaanza kutoa asetati, ethanoli na fomati. Hakuna aliyeiambia kwamba bakteria wakikosa oksijeni huchachusha. Imelitoa hilo kwenye mizania yenyewe, bila namba hata moja inayohusu kasi ya kimeng'enya chochote.

Hapo ndipo nguvu ya njia hii ilipo. Ukiwa na jenomu ya kiumbe, yaani jeni zake zote zilizosomwa, na fasihi ya kisayansi inayokihusu, unaweza kuanza kesho. Mwaka 1999 Jeremy Edwards na Bernhard Palsson waliifanya kwa bakteria Haemophilus influenzae, ambaye jenomu yake ilikuwa imesomwa yote miaka minne nyuma. Mwaka 2007 ilitoka ramani ya kwanza ya namna hiyo ya binadamu, Recon 1. Mwaka huohuo watafiti wa Surrey, Uingereza, walitoa modeli ya bakteria wa kifua kikuu yenye mimenyuko 849 na jeni 726. Unaizima jeni moja moja ndani ya kompyuta na kuuliza: bado anakua? Wakilinganisha na majaribio ya maabara, modeli ilipatia kwa asilimia 78.

Asilimia kama hiyo isikulevye. Kabla ya kushangilia, jiulize mtu anayejibu "jeni hii si ya lazima" kila mara, bila hesabu yoyote, angepata ngapi. Mara nyingi angepata nyingi tu, kwa sababu jeni nyingi kweli si za lazima katika mazingira ya maabara. Kinachopimwa ni modeli imemzidi mtu huyo kwa kiasi gani, na ukisoma makala za namna hii namba hiyo itafute kabla ya nyingine.

Kwa afya ya binadamu, kazi ambayo mizania inaifanya vizuri ni magonjwa ya kurithi ambamo kimeng'enya kimoja hakifanyi kazi kabisa. Njia ikizibwa kabisa, kemikali zinazopaswa kupita pale zitatafuta pa kutokea, na ramani inajua pa kutokea ni wapi. Recon 2, iliyotoka mwaka 2013, ilitabiri ni kemikali zipi zitapanda au kushuka mwilini katika magonjwa 49 ya aina hiyo, ikapatia kwa asilimia 77. Saratani nayo imepata faida. Kuna uvimbe wa figo ambao seli zake zimepoteza kimeng'enya cha fumarati hidratasi. Mwaka 2011 modeli ya mizania ilionyesha kwamba seli hizo, kwa kuwa mzunguko wao wa kuzalisha nguvu umekatika, zinaishi kwa kutegemea njia ya kutengeneza na kuvunja himu, ile kemikali yenye chuma iliyomo kwenye hemoglobini. Ukiziba njia hiyo zinakufa, na seli zenye kimeng'enya hicho zinapona. Maabara ikathibitisha.

Sasa hasara zake, na hapa wanaoanza huumia. Modeli ya mizania haina muda na haina kiwango cha kemikali. Ukiiuliza ATP ni milimoli ngapi, haina la kusema. Pili, inadai kwamba seli ina lengo. Bakteria kukua kwa kasi, sawa, hoja ina mashiko. Nyuroni, ambayo haigawanyiki, inakuza nini? Seli ya ini? Nimeona makala ambamo mtafiti ameiamuru seli ya ini la mtu mzima ikue kwa kasi kubwa kabisa kwa sababu tu ndivyo programu ilivyokuja imepangwa, kisha akatoa hitimisho kuhusu kisukari. Tatu, jibu la kompyuta mara nyingi ni moja kati ya mengi yanayolingana kwa ubora. Ukuaji uleule unaweza kupatikana kwa njia mbalimbali, programu inakupa moja, na wewe unaichora kwenye kielelezo kana kwamba seli imekuambia. Upo uchunguzi wa kukagua kila mmenyuko unaweza kutofautiana kiasi gani bila ukuaji kupungua. Usichapishe kitu kabla ya kuutumia.

Kinetiki: kwa kasi gani, na kiasi gani

Mwaka 1913 Leonor Michaelis na Maud Menten, wakiwa Berlin, walichapisha kazi yao kuhusu kimeng'enya kinachovunja sukari ya miwa. Walionyesha kwamba kasi yake inapanda sukari ikiongezeka, lakini baadaye inagota. Namba mbili zinatosha kuieleza tabia hiyo: Vmax, kasi ya juu kabisa, na Km, kiwango cha sukari kinachokifikisha kimeng'enya kwenye nusu ya kasi hiyo. Modeli ya kinetiki inachukua milinganyo ya namna hiyo kwa kila kimeng'enya cha njia fulani, inaiunganisha, na kuuliza kila kemikali inaongezeka au kupungua kiasi gani kwa kila sekunde.

Sharti la kutolundikana halipo. Kinacholundikana kitaonekana kinalundikana.

Turudi kwa malale. Mwaka 1997 Barbara Bakker na Hans Westerhoff wa Amsterdam, pamoja na Paul Michels na Fred Opperdoes wa Ubelgiji, walichapisha modeli ya kinetiki ya uvunjaji wa glukosi katika Trypanosoma brucei, kimelea anayeenezwa na mbung'o. Walikusanya vipimo vya vimeng'enya vyote vilivyokuwepo, wakaviweka pamoja, na modeli ikatoa mitiririko na viwango vya kemikali vilivyokuwa vimepimwa kwenye vimelea halisi.

Kisha wakauliza udhibiti uko wapi. Swali hili lilikuwa limetengenezewa hesabu yake miaka ya 1970, na Henrik Kacser na Jim Burns huko Edinburgh na Reinhart Heinrich na Tom Rapoport huko Berlin, kila kundi kivyake. Unakipunguza kimeng'enya kimoja kidogo na kutazama mtiririko wote umepungua kiasi gani. Kama ukikipunguza kwa asilimia 10 mtiririko unashuka asilimia 1, mgawo wake wa udhibiti ni karibu 0.1. Jambo la kushangaza katika hesabu hiyo ni kwamba migawo yote ya njia nzima ukiijumlisha inatoa 1. Vitabu vya kiada vilizoea kumtafuta "mwenye usukani" mmoja kwa kila njia. Hesabu inasema usukani unaweza kushikwa na wengi, kila mmoja na sehemu yake.

Kwa kimelea cha malale, sehemu kubwa ilishikwa na mlango: protini inayoipitisha glukosi kwenye utando wa seli. Heksokinasi, fosfofruktokinasi na piruveti kinasi, vimeng'enya vya njia hiyo ambavyo mwanafunzi yeyote wa biokemia angevitaja kwanza, vilionekana kuwa na uwezo wa ziada mkubwa. Maana yake dawa inayokaba heksokinasi nusu nzima huenda kimelea kisiihisi.

Hilo lingebaki maneno ya kompyuta kama lisingejaribiwa. Mwaka 2005 vimeng'enya vitano vilipunguzwa kimoja baada ya kingine ndani ya vimelea kwa kuingilia RNA, yaani kuzuia ujumbe wa jeni usigeuzwe protini. Matokeo yalikuwa ya kufundisha pande zote: vile vitatu kweli vina ziada, ila ziada ni ndogo kuliko modeli ilivyodai. Pia ilionekana kwamba kupunguza kimeng'enya kimoja kunaweza kuvuruga utendaji wa vingine, jambo ambalo halikuwa kwenye milinganyo kabisa. Hivi ndivyo modeli nzuri inavyoshindwa: inakosea mahali unapoweza kupanyooshea kidole.

Lakini hadithi yenye uzito zaidi ni ya kifuko kiitwacho glikosomu. Vimeng'enya saba vya kwanza vya njia hii, katika kimelea hiki, vimefungiwa ndani ya kifuko hicho, kitu ambacho seli zetu hazina. Kwa nini? Tazama hesabu ya ATP. Kuvunja glukosi kunaanza kwa kutumia ATP mbili na faida inakuja mwishoni. Katika seli zetu heksokinasi ina breki: zao lake likizidi, inapunguza mwendo. Heksokinasi ya kimelea haina breki hiyo. Mwaka 2000 kundi la Bakker liliuondoa ukuta wa glikosomu ndani ya modeli, likaacha kila kitu kiogelee pamoja. ATP iliyopatikana mwisho wa njia ikawa inarudi kusukuma mwanzo wa njia bila kizuizi, na sukari zenye fosfeti zikalundikana kupita kiasi. Ukuta unazuia hilo kwa sababu ndani ya kifuko ATP inayotumika na inayozalishwa zinalingana. Faida inapatikana nje yake, ambako haiwezi kurudi kuchochea. Mwaka 2008 ikaonyeshwa kwa vimelea halisi: vile vilivyoshindwa kuingiza vimeng'enya ndani ya glikosomu, vikipewa glukosi, vililundika sukari yenye fosfeti. Chakula chao wenyewe kikawa sumu.

Modeli ya mizania isingeiona hatari hii hata ungeiendesha mwaka mzima. Imeanza kwa kusema hakuna kinacholundikana, na hapa kifo kinaletwa na kulundikana. Kama kuna jambo moja tu utakalobeba unapochagua kati ya familia hizi mbili, liwe hili.

Kuna faida nyingine ya kinetiki kwa watafuta dawa. Chembe nyekundu ya damu ya mtu haina mitokondria. Inaishi kwa kuvunja glukosi kama kimelea. Ukitazama ramani tu, utaona njia mbili zinazofanana na utaogopa kwamba dawa itaua zote. Ukihesabu udhibiti, unaona kwamba mlango wa glukosi wa chembe nyekundu una nafasi kubwa ya ziada, na ule wa kimelea umebanwa. Kizuizi kinachobana milango yote miwili kwa kiwango kimoja kinaweza kumwumiza kimelea na kumwacha mwenyeji bila shida kubwa. Kundi la Jacky Snoep huko Stellenbosch, Afrika Kusini, lilijenga modeli ya namna hiyo kwa kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, ikachapishwa mwaka 2015, na hapo pia mlango wa glukosi ulijitokeza mbele. Kwa mtafiti wa Afrika Mashariki anayetafuta mtu wa kujifunza kwake, Stellenbosch ni karibu kuliko vyuo vya Ulaya au Marekani, na hifadhi yao ya JWS Online inakuruhusu kuendesha modeli nyingi ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote.

Bei ya haya yote ni namba. Kila kimeng'enya kinataka Vmax yake, Km moja au zaidi, na pengine namba za vizuizi. Njia yenye vimeng'enya kumi inaweza kukudai parameta hamsini. Utazitoa wapi? Makala ya zamani itakupa Km iliyopimwa kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, nyingine kwenye pH isiyo ya seli, nyingine kutoka kwenye ini la panya. Ukizichanganya bila kuandika kila moja imetoka wapi, umetengeneza kiumbe asiyeishi popote. Na ukiamua kuzikisia kwa kulinganisha modeli na data yako, kumbuka kwamba parameta ishirini zinaweza kulazimishwa zipite kwenye vipimo vinane kwa njia nyingi tofauti, na zote zitakuchorea mstari mzuri.

Ndiyo maana modeli za kinetiki zinazoaminika zimekuwa ndogo, na chembe nyekundu ya damu ndiyo seli ya binadamu iliyochunguzwa hivyo kwa muda mrefu zaidi. Haina kiini, njia zake ni chache, na inapatikana kwa sindano moja mkononi. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao upo kwa wingi pwani yetu, ni mfano wa tatizo linaloihitaji familia hii ya pili. Chembe nyekundu inapata kinga yake dhidi ya sumu za oksijeni kupitia njia inayoanzia kwenye kimeng'enya hicho. Mwenye upungufu hajakikosa chote. Anacho kidogo, na kinazidi kupungua kadiri chembe inavyozeeka katika siku zake 120 hivi. Primakwini, dawa ya malaria, ikiingia, chembe changa inastahimili, chembe nzee inapasuka. Hapa swali ni la kiasi: kimeng'enya kilichobaki kinatosha kwa dozi gani? Ramani ya "ipo au haipo" haina lugha ya kulijibu.

Kati ya hizo mbili

Wapo waliochoka kuchagua. Mwaka 2017 watafiti wa Chalmers, Uswidi, walitoa GECKO, njia inayochukua modeli ya mizania na kuiongezea sharti kwamba vimeng'enya ni protini, protini zina uzito, na seli haina nafasi isiyo na mwisho. Kila mtiririko sasa unalipiwa kwa kimeng'enya, kulingana na kasi ya kimeng'enya hicho. Kwa hamira, sharti hilo lilitosha kueleza kwa nini hutengeneza pombe sukari ikiwa nyingi hata oksijeni ikiwepo. Kuhusu akili mnemba, inasaidia kubashiri kasi za vimeng'enya ambazo hazijapimwa, kama DLKcat ya mwaka 2022 inavyofanya. Ni msaada wa kujaza mapengo kwenye jedwali. Usiichukue kama familia ya nne.

Modeli ndogo ya mtu mzima

Mganga wa wilaya anayeuliza kwa nini sukari ya mgonjwa wake haishuki hana haja ya mimenyuko 13,000. Anahitaji kujua kitu kimoja: je, insulini haitoki, au inatoka lakini mwili hauisikii?

Mwaka 1985 kundi la Oxford lilitoa kipimo cha HOMA kinachotokana na modeli ya mzunguko wa glukosi na insulini. Katika sura yake rahisi, chukua glukosi ya asubuhi kabla ya kula kwa milimoli kwa lita, zidisha kwa insulini ya asubuhi hiyohiyo kwa mikrouniti kwa mililita, gawa kwa 22.5. Mtu mwenye glukosi 5.0 na insulini 4.5 anapata 1. Mwenye glukosi 6.5 na insulini 14 anapata karibu 4: kongosho yake inasukuma insulini nyingi, na sukari bado iko juu. Ukiitazama glukosi peke yake, wa pili anaonekana amepita mpaka kidogo tu. Ukiiweka insulini pembeni, picha inabadilika.

Hesabu ya mstari mmoja, na inatumika duniani kote. Ila ina masharti yake, na yanavunjwa kila siku. Haifai kwa anayejidunga insulini, kwa sababu insulini inayopimwa si ya kongosho lake pekee. Vipimo vya insulini vya maabara mbili vinaweza kutofautiana kwa damu ileile. Na mpaka wa "usugu wa mwili kwa insulini unaanzia hapa" uliowekwa kwa watu wa nchi moja usiukope na kuupachika kwa wa nchi nyingine bila kuuthibitisha.

Anayetaka zaidi ya hapo anakwenda kwenye modeli ya Richard Bergman na Claudio Cobelli ya mwaka 1979. Mtu anachomwa glukosi kwenye mshipa, damu inachukuliwa mara nyingi kwa saa tatu, na milinganyo michache inatoa namba ya jinsi insulini inavyofanya kazi ndani yake yeye. Ni kazi ya kuchosha kwa mgonjwa na kwa muuguzi, lakini uzao wake umefika mbali. Kifaa cha majaribio cha vyuo vikuu vya Virginia na Padova, chenye wagonjwa wa kompyuta 300 wa kisukari cha aina ya kwanza, watu wazima, vijana na watoto, kilikubaliwa mwaka 2008 na mamlaka ya dawa ya Marekani kutumika badala ya wanyama katika majaribio ya awali ya kongosho bandia, kifaa kinachotoa insulini chenyewe. Kati ya familia zote tatu, hiyo ndiyo hatua niliyoiona ikimfikia mgonjwa kwa njia fupi zaidi, na imefanywa na modeli isiyojua hata jina la kimeng'enya kimoja.

Basi uchague ipi

Andika swali lako kwa sentensi moja, kisha tazama kitenzi chake. Kama linauliza seli *inaweza* kuishi bila kitu fulani, au kemikali *itapitia* wapi njia ikizibwa, mizania inakutosha. Kama linauliza *kiasi gani* cha kizuizi kinatosha, *muda gani* unapita, au nini *kinalundikana*, mizania itakupa jibu lisilo na maana kwa sura nadhifu sana. Nenda kwenye kinetiki na ukubali kuchunguza njia fupi. Kama somo la sentensi yako ni mgonjwa, anza na modeli ndogo, na uiongeze ukubwa pale tu data yake inapokudai.

Halafu tazama unachoweza kupima. Mwenye jenomu na intaneti anaweza kufanya mizania. Mwenye rafiki aliye na spektrofotomita na vimelea hai anaweza kufanya kinetiki ya vimeng'enya vitano vizuri, na hiyo ni tasnifu ya heshima. Mwenye kliniki ya kisukari inayopima insulini ana data ambayo watu wa familia mbili za kwanza wanaitamani.

Zana zisikutishe wala zisikuamulie. COBRApy na programu ya GLPK inayotatua hesabu zake ni za bure. Toleo la MATLAB lina mafunzo mengi zaidi, ila MATLAB yenyewe inalipiwa, kwa hiyo uliza kwanza kama chuo chako kina leseni. Kwa kinetiki, COPASI ni ya bure, ina vitufe vya kubonyeza, na inakokotoa migawo ya udhibiti bila wewe kuandika msimbo. Modeli kubwa mno, kama zile za Harvey na Harvetta za mwaka 2020 zinazounganisha viungo 26 vya mwili na zina mimenyuko zaidi ya 80,000 kila moja, waachie wenye seva.

Kabla hujajenga yako, chukua iliyokwisha kuchapishwa kutoka hifadhi ya BioModels au JWS Online, iendeshe, na ujaribu kutoa mchoro mmoja uliomo kwenye makala yake ya asili. Mchoro ukitoka vilevile, badilisha parameta moja na uone kama bado unaelewa kinachotokea. Usipotoka, tazama kwanza vipimo: sekunde badala ya dakika, milimoli badala ya mikromoli. Kosa hukaa hapo mara nyingi kuliko kwenye milinganyo. Ukikwama bado, mwandikie mwandishi wa modeli na umwambie namba uliyoipata na ile aliyoichapisha yeye.